Bureti haijui chuma: namna titresheni ya pamanganeti inavyohesabu elektroni, na pale inapodanganya

Maji ya kisima kirefu yenye madini ya chuma hutoka bombani yakiwa angavu. Yakilala kwenye ndoo usiku mmoja, asubuhi unakuta yamepata rangi ya chai, na chini kuna tope jekundu linalong'ang'ania plastiki. Ndani ya ndoo hiyo ioni ya chuma(II), yaani Fe²⁺, ambayo huyeyuka vizuri majini, imenyang'anywa elektroni moja na oksijeni ya hewani ikawa chuma(III), Fe³⁺. Hii ya pili haiwezi kukaa imeyeyuka katika maji ya kawaida, kwa hiyo inatuama kama kutu.

Titresheni ya redoksi (upimaji kwa kuhamisha elektroni) inayopima chuma inategemea elektroni hiyo hiyo moja. Badala ya kuiachia hewa iichukue kwa wakati wake, tunamleta mchukuaji ambaye nguvu yake tunaijua, tunamwingiza tone kwa tone, na tunaangalia amemaliza elektroni zote baada ya mililita ngapi.

Anayeshika bureti, mrija wa kioo wenye koki na alama za mililita, aanze kwa kukubali kwamba chombo hicho hakijui chuma. Kinahesabu elektroni tu. Kitu chochote ndani ya flaski kinachoweza kutoa elektroni kitahesabiwa kana kwamba ni chuma(II), na chuma kilichokwisha kupoteza elektroni yake hakitahesabiwa kabisa, hata kama kimejaa tele. Makosa karibu yote yatakayotajwa hapa chini ni elektroni iliyotoka mahali pasipostahili, au iliyokwenda pasipostahili.

Pamanganeti na uwiano wa moja kwa tano

Mchukuaji anayejulikana zaidi, na anayetumika katika maabara nyingi za sekondari za juu hapa Dar es Salaam, ni pamanganeti ya potasiamu, KMnO₄. Mkemia Mfaransa Margueritte aliitumia kupima chuma mwaka 1846, na njia haijabadilika sana tangu hapo. Kwenye asidi ya kutosha, ioni moja ya pamanganeti huchukua elektroni tano:

MnO₄⁻ + 8H⁺ + 5Fe²⁺ → Mn²⁺ + 4H₂O + 5Fe³⁺

Kwa hiyo moli moja (moli ni kipimo cha idadi ya chembe) ya pamanganeti humaliza moli tano za chuma(II). Msukumo wa mwitikio huu ni mkubwa: volti 1.51 upande wa pamanganeti dhidi ya 0.77 upande wa chuma, hivyo unakwenda hadi mwisho bila kusitasita. Uzuri mwingine ni kwamba pamanganeti ni ya zambarau iliyokolea, na ikishapokea elektroni inakuwa Mn²⁺ isiyo na rangi ya kuonekana. Huhitaji kiashiria, yaani rangi ya kuongeza ili kuonyesha mwisho. Tone la kwanza lisilopata chuma cha kulipokea ndilo linalotia flaski rangi ya waridi.

Ubaya wake ni kwamba pamanganeti haifai kupimwa kwa mizani na kuaminiwa hapo hapo. Fuwele zake huwa na chembe za oksidi ya manganizi, MnO₂, na maji unayoiyeyushia huwa na uchafu kidogo wa asili ya viumbe ambao nao unatoa elektroni. Chembe hizo za MnO₂ huchochea pamanganeti iliyobaki ioze, nayo ikioza inazalisha MnO₂ zaidi. Myeyusho uliotayarishwa leo asubuhi na kutumika leo mchana ni myeyusho ambao nguvu yake bado inashuka.

Kwa lita moja ya nguvu ya takriban 0.02 M (M ni moli kwa lita), pima gramu 3.2, yeyusha katika maji yaliyokenekwa, pasha moto hadi karibu na kuchemka kwa muda wa saa nzima, funika, acha ipoe usiku kucha, kisha chuja. Umeme ukikatika katikati ya kazi, hakuna hasara kubwa: iache gizani siku kadhaa na uchafu utaliwa taratibu bila moto. Usichuje kwa karatasi. Karatasi ni mmea, nayo itatoa elektroni zake. Tumia sufi ya kioo au kichujio cha kioo kilichopondwa. Hifadhi kwenye chupa ya kahawia, mbali na dirisha.

Neno kuhusu maji. Maji ya bomba yana klorini, hayafai. Maji ya chupa yanayouzwa kwa ajili ya betri za magari huwa ndiyo njia ya mkato pale mtambo wa kukeneka unapoharibika, nayo mara nyingi yanafaa. Ila soma lebo, maana kwenye rafu hiyo hiyo kuna chupa ya asidi ya betri, na jina la mtaani la vimiminika hivi viwili ni lile lile: maji ya betri.

Kupata nguvu halisi

Nguvu halisi ya pamanganeti hupatikana kwa kuipambanisha na kitu kinachoaminika kwenye mizani. Oksaleti ya sodiamu, Na₂C₂O₄, ndiyo nzuri: haivuti unyevu kwa urahisi, na hilo ni jambo la maana katika jiji la pwani. Ikaushe kwenye nyuzi 105 hadi 110 kwa saa mbili, ipoe ndani ya chombo cha kukaushia, pima gramu 1.675, yeyusha na ujaze hadi mililita 250. Hapo una 0.0500 M. Chukua mililita 25.00 kwa pipeti, ongeza mililita 25 hivi za asidi ya sulfuriki ya 1 M, pasha hadi nyuzi 70 au karibu, kisha anza kudondosha. Oksaleti moja hutoa elektroni mbili na pamanganeti moja huchukua tano, kwa hiyo uwiano ni pamanganeti 2 kwa oksaleti 5, na kama myeyusho wako ni 0.0200 M kamili utatumia mililita 25.00.

Tone la kwanza litakutia wasiwasi. Litakaa na rangi yake pengine nusu dakika kabla ya kufifia, na mgeni huamini kwamba amefika mwisho. Subiri. Mwitikio huu huchochewa na Mn²⁺ ambayo ni zao lake mwenyewe, kwa hiyo matone machache yakishapita, mengine hupotea papo hapo. Flaski isishuke chini ya nyuzi 55 kabla hujamaliza, la sivyo mwitikio unapunguza mwendo na utaongeza pamanganeti isiyohitajika. Wala isichemke, kwani asidi ya oksaliki huanza kuvunjika.

Halafu, ukihamia kwenye chuma, sahau moto kabisa. Hapa ndipo wanafunzi wa kidato cha sita wanapochanganya mambo: oksaleti hufanywa ya moto, chuma hufanywa cha baridi. Ukipasha chuma(II) unaisaidia hewa kuchukua elektroni kabla yako.

Titresheni yenyewe

Kwa mazoezi, tumia chumvi ya Mohr, Fe(NH₄)₂(SO₄)₂·6H₂O, iliyopewa jina la mkemia Mjerumani Karl Friedrich Mohr. Salfeti ya kawaida ya chuma, ile ya kijani, ikifunguliwa mara kwa mara katika hewa hufanya ukungu wa kahawia juu ya fuwele. Huo ni chuma(III), na mizani haiwezi kuutofautisha. Chumvi ya Mohr ni imara zaidi. Uzito wake wa moli ni 392.14, hivyo gramu 9.80 ndani ya mililita 250 hutoa 0.100 M.

Mpangilio wa kuyeyusha una maana. Weka asidi kwanza: mililita 100 za asidi ya sulfuriki ya 1 M, ndipo uingize chumvi, ndipo ujaze kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa ili yasiwe na oksijeni. Kasi ya hewa kuoksidisha (kunyang'anya elektroni) chuma(II) katika maji yanayokaribia kuwa si asidi wala besi hupanda takriban mara mia kwa kila pH moja inayoongezeka. Ndani ya asidi unaweza kufanya kazi kwa saa kadhaa bila hofu. Ndani ya maji matupu myeyusho unaanza kugeuka manjano ukiutazama.

Suuza bureti kwa pamanganeti, pipeti kwa myeyusho wa chuma, na flaski ya koniko kwa maji peke yake. Bureti iwe na koki ya kioo au ya plastiki ngumu ya teflon. Ile ya mpira na kibanio haifai, kwa sababu pamanganeti hula mpira, na mpira ni elektroni. Ingiza mililita 25.00 za chuma, mililita 20 za asidi ya sulfuriki ya 1 M, na kama unayo, mililita 5 za asidi ya fosforiki. Hii ya mwisho hushikamana na Fe³⁺ inayozaliwa na kuifanya isiwe na rangi. Bila yake flaski inakuwa ya manjano, na waridi juu ya manjano huonekana kama rangi ya chungwa iliyofifia; jicho linachelewa kuliona.

Dondosha huku ukizungusha flaski juu ya karatasi nyeupe. Rangi ikianza kuchelewa kufifia, shuka hadi tone moja moja, kisha nusu tone: liache lining'inie kwenye ncha ya bureti, ligusishe ukuta wa flaski, suuza kwa maji kidogo. Mwisho ni waridi hafifu linalodumu sekunde 30. Likipotea baada ya hapo, liache lipotee. Pamanganeti iliyobaki huendelea kupigana polepole na Mn²⁺ iliyo tele ndani ya flaski, kwa hiyo hakuna waridi la milele, na anayelitafuta atakuwa anaongeza matone ya bure.

Kwa kuwa myeyusho ni mweusi mno ndani ya bureti, sehemu ya chini ya mkunjo wa uso wake haionekani. Soma ukingo wa juu, mwanzo na mwisho, kwa namna ile ile. Rudia mpaka upate majibu mawili yasiyopishana zaidi ya mililita 0.10.

Baada ya kazi, bureti isilale na pamanganeti. Doa la kahawia linaloganda kwenye kioo ni MnO₂, na sabuni hailing'oi. Asidi ya oksaliki yenye asidi ya sulfuriki kidogo hulitoa. Kidonge cha vitamini C kilichosagwa na kuyeyushwa hufanya kazi hiyo hiyo.

Asidi ipi, na kwa nini si nyingine

Asidi ya sulfuriki, hakuna mjadala mrefu. Asidi ya nitriki ni mchukuaji wa elektroni yenyewe, itakuibia chuma. Asidi ya siki ni dhaifu mno. Asidi ya hidrokloriki ndiyo yenye hila zaidi: pamanganeti ina nguvu ya kutosha kugeuza kloridi kuwa klorini, ambayo kiwango chake ni volti 1.36. Peke yake mwitikio huo ni wa polepole, lakini chuma(II) inapokuwa inaoksidishwa pembeni, huuamsha. Dalili ni harufu ya klorini, ile ya dawa ya kuulia vijidudu majini. Ukilazimika kutumia hidrokloriki, kwa mfano baada ya kuyeyusha mawe yenye chuma, kuna mchanganyiko wa wakemia Zimmermann na Reinhardt: salfeti ya manganizi, asidi ya sulfuriki na asidi ya fosforiki kwa pamoja. Mn²⁺ nyingi iliyowekwa mapema hutuliza pamanganeti isiiguse kloridi.

Asidi ikiwa sahihi lakini kidogo, flaski inageuka kahawia yenye ukungu. Maana yake pamanganeti imeishia njiani: imechukua elektroni tatu na kuwa MnO₂, badala ya tano. Mwaga, anza upya. Hakuna hesabu ya kuokoa flaski hiyo.

Kosa katika kipimo hiki lina mwelekeo, na mwelekeo huo ni msaada mkubwa kuliko orodha yoyote ya tahadhari. Jibu likizidi matarajio, jiulize nani mwingine ametoa elektroni, au kama pamanganeti imechukua pungufu ya tano: hidrokloriki, asidi kidogo, pamanganeti iliyooza tangu ilipopimwa nguvu, uchafu wa viumbe, kiputo cha hewa kwenye ncha ya bureti kilichotoka katikati ya kazi. Jibu likipungua, jiulize elektroni zimekwenda wapi kabla hujafika: hewa, joto, fuwele zilizozeeka, asidi ya nitriki.

Joto la Dar es Salaam lina mchango wake. Vyombo vya kioo vimepimwa kwa nyuzi 20. Maji yakitoka nyuzi 20 hadi 30 hutanuka kwa karibu asilimia 0.25, ambayo kwenye mililita 25 ni 0.06 hivi, zaidi ya tone moja. Hilo halikudhuru ukitayarisha na kutumia kila kitu katika chumba kimoja chenye joto lile lile. Linadhuru ukitayarisha myeyusho chumba chenye kiyoyozi asubuhi na kuutumia saa nane mchana kwenye maabara yenye madirisha wazi.

Chuma kilichokwisha kupoteza elektroni

Ukitaka chuma chote, pamoja na kile cha Fe³⁺, lazima ukirudishie elektroni kwanza. Njia ya zamani hutumia kloridi ya bati(II) ndani ya hidrokloriki ya moto: unadondosha hadi manjano yatoweke, unaongeza tone moja au mawili, unapoza, kisha unaua bati lililozidi kwa kloridi ya zebaki. Mashapo meupe kama hariri yanamaanisha sawa. Yakiwa ya kijivu, zebaki yenyewe imejitokeza, nayo itakula pamanganeti, tupa. Ni njia sahihi sana, lakini kwa shule haina sababu ya kuendelea kuwepo. Zebaki haina pa kwenda ikishaingia kwenye sinki.

Unga wa zinki unatosha. Kwa mililita 25 za sampuli weka mililita 25 za asidi ya sulfuriki ya 2 M na gramu 2 hadi 3 za zinki, funika kwa faneli ndogo, pasha taratibu hadi manjano yaishe. Chukua tone kwa kijiti, likutanishe na tone la thayosayaneti ya potasiamu kwenye kigae cheupe: likiwa jekundu kama damu, Fe³⁺ bado ipo. Ikishaisha, poza na chuja upesi kwa sufi ya kioo, suuza kwa asidi. Isibaki hata chembe ya zinki, maana itaendelea kurudisha kila elektroni unayochukua, na waridi halitafika. Fanya pia jaribio tupu bila sampuli, kwa sababu zinki nyingi huja na chuma kidogo ndani yake.

Kwa titresheni mbili unapata vyote viwili. Tuseme mililita 25.00 zimetumia 12.40 za pamanganeti ya 0.0200 M kabla ya zinki, na 20.15 baada yake (ukishaondoa jaribio tupu). Ya kwanza: 12.40 × 0.0200 × 5 ÷ 25.00 = 0.0496 M, hiyo ni chuma(II). Ya pili inatoa 0.0806 M, chuma chote. Tofauti, 0.0310 M, ni chuma(III).

Vidonge vya kuongeza damu

Mfano unaopendwa ni kidonge cha salfeti ya chuma cha miligramu 200, ambacho kikiwa cha salfeti iliyokaushwa kina takriban miligramu 65 za chuma chenyewe. Ponda vitano, yeyusha kwenye mililita 100 za asidi ya sulfuriki ya 1 M, chuja, jaza hadi 250. Pamanganeti ya 0.02 M hapa ni kali mno: mililita 25 zitamaliza chini ya 6, na kosa la tone moja linakuwa kubwa. Izimue iwe 0.00500 M. Ukitumia 22.80, hesabu inakwenda hivi: 22.80 × 0.00500 = milimoli 0.1140 za pamanganeti. Mara tano ni 0.570 za chuma. Katika mililita 250 ni 5.70, mara 55.85 ni miligramu 318; kwa kidonge kimoja 63.7.

Usishangae ikizidi 65. Ganda la sukari na wanga wa kujazia hutoa elektroni polepole, ndiyo maana rangi hufifia fifia karibu na mwisho. Asidi ya foliki iliyomo ni chini ya miligramu moja, haina neno. Vitamini C, ikiwa imeongezwa, inaharibu kila kitu, kwa kuwa molekuli yake moja hutoa elektroni mbili. Na soma kasha: kikiwa fumareti ya chuma badala ya salfeti, weka pamanganeti kando, kwani itashambulia fumareti yenyewe. Kwa vidonge, salfeti ya seriamu(IV) na kiashiria cha feroini ndiyo njia ya wenye kazi: ioni moja ya seriamu huchukua elektroni moja tu, rangi hutoka nyekundu kwenda samawati hafifu, na vijazio haivigusi sana. Dikromati ya potasiamu nayo ina sifa moja kubwa, unaipima kwa mizani na kuiamini, na haisumbuliwi na hidrokloriki ya kiasi. Lakini inahitaji kiashiria na ni sumu inayosababisha saratani, taka zake lazima zimalizwe kwa chuma(II) ya ziada kabla ya kuwekwa kwenye chupa ya taka.

Na ile ndoo?

Maji ya kisima yenye miligramu 1 ya chuma kwa lita tayari yanachafua nguo nyeupe. Ladha na madoa huanza kusumbua kwenye 0.3 hivi. Chukua mililita 25 za maji hayo ya miligramu 1: zina miligramu 0.025 za chuma, na zingehitaji mililita 0.0045 za pamanganeti ya 0.02 M. Tone moja la bureti ni 0.05. Yaani chuma chote kitaisha kabla hujatoa hata sehemu ya kumi ya tone, na uchafu wa kawaida wa kisima utakula zaidi ya hapo. Titresheni hii ni ya myeyusho wenye chuma cha kupimika kwa gramu. Maji ya kunywa hupimwa kwa rangi ya chungwa ambayo fenantrolini hufanya ikishikana na chuma(II), kwenye kipima mwanga, urefu wa wimbi nanomita 510.

Hata hapo kanuni ya elektroni haijakuachia. Ukitaka chuma chote, tia asidi ndani ya chupa pale pale kisimani, pH ishuke chini ya 2, na maabara itarudishia elektroni baadaye. Ukitaka kujua chuma(II) peke yake, asidi hiyo isiwe ya nitriki, na fenantrolini iingie hapo hapo kisimani. Chupa iliyofika mjini ikiwa na tope jekundu chini imeshafanyiwa titresheni na hewa njiani, na hakuna aliyesoma bureti.